Pori la Shinyanga Lilivyokwenda na Lilivyorudi



Ukipita kijiji kimojawapo cha Usukuma mwezi wa Septemba, jua likiwa kali na mvua bado iko mbali, utaona jambo ambalo mgeni hulipita bila kuliangalia mara mbili. Upande huu wa njia kuna shamba tupu. Mabua yamekwisha kuliwa, udongo umepasuka, vumbi linapanda. Upande wa pili hakuna ukuta wala waya, lakini majani yamesimama hadi kiunoni, yamekauka yakawa manjano, na katikati yake imesimama migunga. Ng'ombe wanapita kando ya majani hayo wana njaa, na mchungaji anawazuia wasiingie. Siku ya kuingia bado.

Mahali hapo panaitwa ngitili. Ni neno la Kisukuma, maana yake ni eneo lililofungwa. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya historia ya ngitili, na ya pori zima la Shinyanga, ambalo watu walilifyeka kwa mikono yao na baadaye wakalirudisha. Wewe unayelima Mbozi, au Lushoto, au Kilosa, utauliza: Habari za Wasukuma zinanihusu nini mimi? Vuta subira. Tukifika mwisho utakuwa umeliona shamba lako humo.

Kwanza tuondoe fikira moja. Wengi hudhani kwamba zamani nchi yote ilikuwa msitu, kisha mkulima akaja na shoka akaumaliza. Si hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika ya Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi usiosemeka. Palipokuwa na zizi pakabaki mavi makavu. Ng'ombe walipokwisha, hapakuwa na wa kula majani wala wa kukanyaga machipukizi, na watu wenyewe walipungua kwa njaa, maradhi na vita vya wakoloni. Basi vichaka vikasogea. Na vichaka vilipokuja vilileta mbung'o, na mbung'o alileta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Kwa hiyo pori ambalo Waingereza walilikuta Shinyanga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sehemu yake kubwa lilikuwa pori changa, pori lililoota juu ya malisho ya watu waliopungua. (Sotoka yenyewe, kwa furaha yetu sote, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani.)

Katika miaka ya 1920 ikaanza kazi ya kulirudisha nyuma. Msimamizi wa mambo ya wanyama pori wa Tanganyika wakati huo, Mwingereza C.F.M. Swynnerton, alifanya Shinyanga kuwa mahali pa majaribio ya kupambana na mbung'o. Njia yake ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya: ondoa kivuli, na mbung'o hana pa kukaa. Watemi waliwaita watu wao, na watu wakatoka kwa maelfu na mashoka na moto. Wapo wasemao kwamba hata neno mtemi linatokana na kutema, yaani kukata pori ili watu wapate pa kukaa. Kama ni hivyo, basi watemi wa miaka hiyo walistahili jina lao. Swynnerton alifariki mwaka 1938 katika ajali ya ndege, lakini ufyekaji uliendelea baada yake.

Na tuseme kweli: kazi ile ilifaulu. Mbung'o alirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, na familia zikahamia katika nchi ambayo baba zao waliiogopa. Mtu asije akakuambia kwamba wazee wale walikuwa wajinga waliokata miti ovyo. Walikuwa wanaokoa mifugo yao na uhai wao.

Taabu ni kwamba shoka likishazoea kukata halijui pa kusimama. Baada ya mbung'o, walikuja kwelea kwelea. Ndege hawa hulala mitini kwa makundi makubwa, na asubuhi wakishukia shamba la mtama hubaki mabua. Mti uliolaza kwelea kwelea ukaonekana adui, ukakatwa. Kisha ikaja pamba. Pamba ilipendwa kwa sababu ilileta fedha mkononi, na wakulima wa Kanda ya Ziwa wakajenga juu yake vyama vya ushirika vyenye nguvu. Muungano wao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ulianzishwa mwaka 1955. Plau ya kukokotwa na maksai ilimwezesha mtu mmoja kulima eneo ambalo zamani lilihitaji jembe la mkono la ukoo mzima. Fedha ya pamba ikanunua ng'ombe, ng'ombe wakavuta plau, plau ikafungua shamba jingine. Ukiangalia kila hatua peke yake, huoni kosa. Lakini kila hatua ilikula kipande cha pori.

Sasa lazima tueleze ardhi yenyewe, maana bila hiyo ngitili haieleweki. Msukuma haiiti ardhi yake udongo tu. Juu kilimani, karibu na mawe, kuna luseni, udongo wa kichanga unaolimika upesi lakini haukai na maji. Ukishuka utakuta itogolo, ulio mgumu zaidi. Chini kabisa bondeni kuna mbuga, udongo mweusi mfinyanzi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mvua ni ya msimu mmoja, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni miezi mitano au sita ya ukavu. Katika miezi hiyo ng'ombe hula nini? Swali hilo ndilo lililozaa ngitili, na ni wafugaji wenyewe waliolijibu.

Mambo yalikwenda hivi. Mvua zinapoanza, mwenye kaya hufunga sehemu ya ardhi yake, mara nyingi karibu na nyumbani au sehemu isiyofaa sana kwa kilimo. Kufunga si kwa uzio. Alama zake zinajulikana, majirani wanajulishwa, basi imetosha. Msimu wote wa mvua mifugo hula kwingine, na majani ya ngitili yanakua, yanachanua, yanatoa mbegu. Mavuno yakiisha, mifugo huingia kwanza mashambani kula mabua. Mabua yakiisha, karibu mwezi wa Julai au Agosti, ndipo ngitili hufunguliwa, tena si yote kwa siku moja; kipande kikiliwa ndipo kinachofuata kifunguliwe. Wanaopewa nafasi kwanza ni wale wasioweza kwenda mbali: ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa, na maksai. Maksai hasa. Maksai aliyekonda Oktoba hawezi kuvuta plau Novemba, na shamba lililochelewa kulimwa Novemba ni njaa ya mwaka unaofuata. Umeona? Majani ya kiangazi ni sehemu ya kilimo, si mambo ya ufugaji peke yake.

Wakoloni waliona mmomonyoko wa udongo, lakini ngitili hawakuiona sana. Kuanzia 1947 waliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, wenye amri nyingi: punguza ng'ombe, lima matuta hivi, hama hapa, lipa kodi ile. Baadhi ya mashauri yao yalikuwa ya maana. Matuta yaliyofungwa kwa mfano huzuia maji ya mvua shambani, na bwana shamba yeyote atakuambia hivyo hata leo. Lakini shauri zuri likiletwa kwa faini na askari linachukiwa pamoja na mletaji wake. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 amri nyingi zilikuwa zimekufa, na wakati wa kugombea uhuru kukataa matuta kulikuwa karibu sawa na kumkataa mkoloni.

Baada ya uhuru, utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Kisha mwaka 1974 ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu jambo hili wengi wenu mlisimuliwa na wazazi, au mlilipitia wenyewe mkiwa watoto. Wasukuma hawakuwa wakiishi kwa kusongamana. Kila kaya ilikaa peke yake, imezungukwa na ua wa minyaa, na mashamba na ngitili yake yakiwa machoni pake. Operesheni iliwaweka pamoja ili wapate shule, zahanati na maji, na huduma hizo ni kweli zilifika mahali pengi. Lakini kaya ilipohama, ngitili ilibaki kule. Mwenyewe yuko mbali, jioni haioni, asubuhi haioni. Majani yakawa ya anayewahi. Na majani yakishakuwa ya anayewahi, nani atayaacha yakue? Hata mwenye nia njema alijua kwamba akijizuia yeye, ng'ombe wa mwingine hawatajizuia. Katika miaka michache kanuni iliyodumu kwa vizazi ikavunjika, bila ya mtu yeyote kutoa amri ya kuivunja.

Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Aliyeumia mapema ni mama. Kuni zilikuwa mbali, safari ya kutwa. Akina mama wakachoma mashina ya pamba na mabua ya mtama, na hayo yakiisha wakachoma mavi makavu ya ng'ombe. Fikiri hapo, ndugu mkulima: mbolea inaingia jikoni, haiendi shambani. Shamba linapungua nguvu, mazao yanapungua, mtu analima eneo kubwa zaidi ili apate gunia zile zile, na miti inazidi kukatwa.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI. Mkoa wa Shinyanga wa siku hizo ulikuwa mkubwa, ukiwa pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu, wilaya ambazo tangu 2012 ziko Mkoa wa Simiyu. Hesabu zilizofanywa wakati mradi unaanza zilionyesha ngitili zilizojulikana kuwa kama hekta 600 tu, yaani ekari 1,500 hivi, katika mkoa mzima.

Mradi ulianza kama miradi mingi ilivyoanza miaka ile: bustani za miche. Miche ilioteshwa katika bustani za Serikali, mingi ya miti ya kigeni, ikagawiwa, ikapandwa kwa sherehe. Halafu? Kiangazi kikaja. Mche mdogo katika udongo wa Shinyanga bila maji, na mbuzi wanapita! Mingi ilikufa. Wataalam walikuwa na hiari ya kuwalaumu wakulima, kama ilivyokuwa desturi. Sifa yao ni kwamba hawakufanya hivyo kwa muda mrefu. Walianza kuuliza wazee: Zamani mlifanyaje? Wazee wakawaonyesha ngitili.

Hapo likajulikana jambo ambalo mchungaji yeyote analijua. Ardhi ya Shinyanga ilionekana tupu, lakini chini haikuwa tupu. Mti uliokatwa kwa shoka ukabaki kisiki, mizizi yake bado iko hai. Kila mwaka kisiki kile kilitoa machipukizi, na kila mwaka mbuzi na ng'ombe waliyala. Kisiki kilikuwa kinangoja kuachwa tu. Ukifunga eneo misimu miwili mitatu, machipukizi hupita urefu wa mdomo wa mbuzi, na mizizi iliyokwisha kwenda chini kwa miaka mingi huyasukuma kwa nguvu ambayo mche wa bustani hauna. Hakuna kumwagilia, hakuna kubeba miche kichwani. Kazi ya mkulima ni kupunguza vichipukizi vilivyosongamana, na kazi ngumu kuliko hiyo, kuzuia mifugo isiingie.

Nani atazuia? Hapa ndipo kiini cha habari yote. Mradi haukuwa na askari wa kulinda majani ya kila kijiji, na hata ungekuwa nao, tumekwisha ona miaka ya 1950 mambo hayo huishaje. Waliolinda ni wanakijiji. Wasukuma wana baraza lao la jadi liitwalo dagashida, ambapo watu wa kijiji hukutana kuweka sheria zao na kuamua mashauri. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wameunda sungusungu, walinzi wa kijiji, kwa sababu ya wezi wa ng'ombe. Sungusungu walioweza kufuata nyayo za ng'ombe aliyeibwa usiku kucha hawakushindwa kumkamata mtu aliyelisha ngitili ya mwenzake mchana. Dagashida iliamua faini, serikali ya kijiji ikaandika sheria ndogo, na mambo yakaenda. Faini ya porini iliuma kwa sababu ilitolewa na jirani unayekutana naye kisimani kila siku.

Vijiji vikafunga ngitili za aina mbili: za kaya, na za kijiji kizima au za shule. Uchunguzi mmoja katika vijiji 172 ulihesabu ngitili 18,607, na kati ya hizo 284 tu zilikuwa za jumuiya. Zote nyingine zilikuwa za kaya. Tazama hesabu hiyo vizuri, kwa maana miaka ile bado walikuwapo watu waliosema kwamba mkulima mdogo hawezi kuhifadhi pori mpaka ashikwe mkono. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea katika vijiji zaidi ya 800, na makadirio ya chini ya eneo lote ni hekta 300,000. Kutoka hekta 600!

Wachunguzi walipopiga hesabu ya vitu ambavyo kaya zilipata katika ngitili, yaani kuni, nguzo, majani ya kuezekea, asali, dawa, matunda, uyoga na malisho, walipata thamani ya kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania wakati huo ulikuwa chini ya dola 9. Fedha za ngitili za jumuiya zilisaidia kujenga madarasa na ofisi za vijiji. Safari ya kuni ikafupika kwa saa kadhaa, na mavi ya ng'ombe yakaweza kurudi shambani.

Ili uone jinsi njia zinavyoweza kutofautiana, linganisha na Kondoa. Huko nako kulikuwa na mmomonyoko wa kutisha, makorongo ya kumeza nyumba, na mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973. Mwaka 1979 Serikali iliamua kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256, na mifugo ipatayo 90,000 ikatolewa. Ardhi ilipona, hilo halina ubishi. Majani yalirudi upesi. Lakini maziwa na mbolea viliondoka pamoja na ng'ombe, na mtu aliyeonekana na mbuzi ndani ya mipaka alikuwa mkosaji. Shinyanga pori lilirudi ng'ombe wakiwamo. Mimi naona tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya udongo au ya mvua.

Usidhani lakini kwamba huko Shinyanga kila kitu ni maziwa na asali. Pori likirudi, fisi naye hurudi, na mwenye kondoo hafurahi. Mwenye ardhi nyingi anaweza kufunga ekari nyingi akauza majani na kuni. Asiye na ardhi hununua kutoka kwake, au huingia usiku. Mahali pengine ngitili ya jumuiya imezusha ugomvi wa mipaka kati ya kijiji na kijiji. Na gunia la mkaa lina bei nzuri mjini, kwa hiyo mti uliokua miaka ishirini unaweza kuanguka kwa haja ya ada ya shule ya muhula mmoja.

Jambo zito zaidi ni karatasi. Ngitili ya zamani ilikaa katika vichwa vya majirani. Hiyo ilitosha wakati majirani walikuwa wale wale. Operesheni ya 1974 ilionyesha jinsi kitu kilichomo vichwani kinavyoweza kupotea kwa mwaka mmoja. Siku hizi sheria inatoa njia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiwezesha kijiji kupanga ardhi yake na kumpa mwanakijiji hatimiliki ya kimila, mwanamke sawa na mwanamume. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wenyewe na kuutungia sheria ndogo. Ngitili iliyoandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, ikapita katika mkutano mkuu wa kijiji na kutiwa katika muhtasari, haiwezi kugawiwa mtu mwingine kimya kimya kwa madai kwamba ni "ardhi isiyotumika". Na kumbuka, kwa macho ya mgeni, ngitili mwezi wa Februari ni ardhi isiyotumika kabisa: majani marefu, hakuna ng'ombe, hakuna jembe.

Bado sheria hizo hazimalizi suala la urithi. Mzee aliyefunga ekari kumi mwaka 1990 alikuwa na wana wadogo. Leo wana watano wamekua, kila mmoja ana haki ya ekari mbili, na ekari mbili za ngitili hazitoshi hata jozi moja ya maksai mpaka mvua ifike. Wakigawana, wataifyeka, kwa sababu kipande kama hicho kinafaa mahindi tu. Wasipogawana, inabidi wakubaliane ng'ombe wa nani aingie Julai na wa nani angoje Agosti, na nani akate nguzo mwaka gani, na dada yao aliyerudi nyumbani achukue kuni upande upi. Mzee akiwa hai, maneno hayo huamuliwa naye jioni moja uani. Akishafariki yanakwenda dagashida, na huko huchukua siku nyingi.